Drami Haipewi Pumzi

Gari ni la marehemu baba, pikapu ya buluu iliyonizidi umri, na kila mtu Kasese ana ushauri wake: liuze, lipeleke kwa wanunuzi wa vyuma, waachie kuku watagie humo. Sisikii. Nimelirithi na nitaliendesha. Ila breki zilipoanza kupiga kelele sikuwa na ubishi. Nililipeleka Bwera, polepole, kwa mzee pekee anayelijua.

Mzee huyo alichimba shaba Kilembe pamoja na baba. Walipoacha mgodi, baba alirudi shambani, mwenzake akafungua gereji karibu na mpaka.

Alifungua gurudumu la kwanza, akatoa drami, lile bakuli la chuma linalofunika breki. Lainingi, vile vipande vinavyosuguana na drami gari likisimama, zilikuwa za zamani zile zile, zimelika, na drami imejaa vumbi laini kama unga wa muhogo. Mafundi wa kule husema drami inapewa pumzi: unaiinua usoni, unapuliza vumbi litoke. Mzee akaiinua, akavuta pumzi.

"Usipulize, Mzee!" Nilipaza sauti mpaka watu wa bodaboda ng'ambo ya barabara wakageuka.

Nikamweleza kwamba lainingi za umri ule huenda zina asbesto, kwamba kwa macho huwezi kujua, na kwamba vumbi lake likiingia kifuani linakaa humo miaka na miaka likikumaliza. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

"Mutoto wangu, miye napuliza hii vitu tangu weye uko ku masomo. Mutu gani alikufa? Iko vumbi tu."

"Na la mgodini lilikuwa nini?"

Nilikuwa na hasira, sifichi. Baba alifariki ameketi kitandani, maana akilala alikosa hewa, na mimi ndiye niliyemshikilia mgongo. Ni yeye aliyenisimulia kwamba kule chini mwamba ulipaswa kulowanishwa kabla ya kutobolewa, vumbi lisiruke. Msimamizi akitaka waharakishe, baba na rafiki yake huyu huyu waliweka vifaa chini wakakaa. "Maji kwanza!" Walifokewa, wakaendelea kukaa. Lakini maji hayakuja kila siku.

Nilichukua kidumu changu cha maji, nikamimina taratibu ndani ya drami mikononi mwake. Vumbi likawa tope, suruali yake ikalowa.

"Maji kwanza," nikamwambia.

Mmoja wa watu wa bodaboda akauliza, "Mama, uko nabatiza gari?"

"Nalibatiza. Sogea nikubatize na wewe."

Mzee alifuta tope kwa kitambaa kilicholowa, akakifunga pamoja na lainingi kuukuu ndani ya kavera mbili za plastiki, bila kunitazama. Magurudumu mengine yalikwenda hivyo hivyo, yeye akinung'unika kwamba nimemharibia kazi. Breki mpya zilishika vizuri.

Nilipowasha gari niondoke, alikuwa ameshaanza kazi ya mteja aliyefuata, mwenye gari kuukuu kama langu. Kwenye kioo nilimwona akitoa drami. Aliitazama, akatazama upande wangu, kisha akaiinua usoni.

Nilizima injini, nikashuka na kidumu. Wale wa bodaboda wakaanza kucheka upya. Wacheke. Pumzi ya baba ilikwisha mikononi mwangu; mzee huyu bado anayo kidogo, na drami haipewi.