Kaseti ya Kupimia Spika

Kila fundi ana kitu chake cha kupimia. Mshonaji wa mtaa wa Oli alikuwa na kamba yenye mafundo, na jirani yake Pitia, fundi redio, alikuwa na kaseti ya marehemu mkewe. Redio yoyote aliyoifungua haikurudi kwa mwenyewe kabla ya kuimeza kaseti ile na kuitoa salama. Watu walimcheka, na haki yao. Miaka kumi na miwili salamu zile zile!

Ilikuwa barua ya sauti. Mwaka 1981, yeye na mkewe walipokuwa wakimbizi Aru upande wa Zaire, kila asiyejua kuandika alitafuta mwenye redio kubwa ya maikrofoni mbili, ya kulia na ya kushoto, akasema maneno yake, kaseti ikavuka mpaka ndani ya kapu la mchuuzi. Sitti, mke wa Pitia, alianza yeye, akimsalimu mama yake aliyebaki Koboko, upande wa Uganda. Kisha akasogea kando kwa mumewe, na dada yake, Kaltumu, akakaa mbele ya redio, na Kaltumu hakuumbwa na mnong'ono. Alisalimu shangazi, majirani, hata mbuzi kwa jina. Siku tisa baadaye Sitti akafa kwa homa, na kaseti yao haikuvuka.

Matangani Kaltumu alimuuliza shemeji yake mbele ya watu, "Mbona hapana peleka yeye kwa daktari?"

"Hakuniambia," Pitia akajibu. "Angeniambia, ningempeleka."

Jibu hilo akalishika tangu siku ile. Ndilo lililomlaza usiku na kumwamsha asubuhi. Lakini hakulia, na Kaltumu alipochoka kumtazama akawaambia wenzake, "Hii mwanaume hapana sikia kitu." Alisema kweli mara mbili, ila yeye mwenyewe aliijua moja tu.

Ya pili ilikuwa siri. Mwaka 1979, Pitia akiwa askari wa mawasiliano, jeshi la Uganda likirudi nyuma kuelekea Koboko, bomu lilianguka kushoto kwake na sikio la upande ule likafa. Kule Aru alipewa matone. Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga wamesema, na kwa Pitia haikuwa methali, ilikuwa habari tu. Akajifunza neno moja la kujikingia. Mtu akimuuliza, "Unasikia?" yeye hujibu, "Nasikia," awe amesikia au hakusikia. Nani atampelekea redio fundi mwenye sikio moja?

Basi akarudi Uganda, akapata kibanda Oli, akala, akalala, akatengeneza redio. Sauti ya Sitti ilimfaa kupimia uwembamba wa sauti. Ya Kaltumu ilimfaa kuona kama spika inapasuka. Zaidi ya hapo hakutafuta kitu ndani yake, na hakuna kilichomjia.

Mwaka 1993 akaitwa mtaa wa Awindiri, kwa Théodore, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bunia. Huyu bwana alikuwa amejinunulia televisheni, video, amplifaya na spika nne, sebule nzima imejaa nyaya.

"Fundi, mi nataka sinema izunguke mutu," alisema. "Utupimie. Namna gani inalia muzuri?"

Wakapima, kaseti ya Pitia ikiwa mashineni. Kwanza spika mbili za mbele peke yake, na Odile, mke wa Théodore, akaridhika, kwa sababu maneno yalitoka pale televisheni ilipo. Kisha zote nne zikiimba sawasawa: kelele nyingi, na Kaltumu sasa anasalimu kutoka nyuma ya pazia huku skrini iko mbele. Kisha vitufe vya kubadili sauti. Kilichoandikwa Holi kikampeleka Kaltumu kanisani. Kilichoandikwa Stadiamu kikamtawanya mpaka mbuzi na shangazi hawakutofautiana, na Théodore akapiga makofi. "Hii ndiyo!"

"Papa Théodore, hii ni uwanja wa mupira," Odile akasema. "Hakuna neno hata moja linasikika."

Wakamgeukia Pitia. Yeye alikuwa ameweka kiganja juu ya kila spika akihesabu mtikisiko, akivaa uso wa kitaalamu, maana kwa sikio moja hakuna mbele wala nyuma.

"Iko njia ingine," alisema haraka. "Ya jeshi."

Spika mbili za nyuma akaziunganisha moja na nyingine, kisha ncha mbili zilizobaki akazifunga kwenye matundu mekundu ya amplifaya, la kulia na la kushoto, meusi asiyaguse. Ukifunga hivyo, kinachofanana pande zote mbili kinajiua. Sauti ya katikati inanyamaza kule nyuma, yanabaki ya pembeni tu. Kwenye sinema msemaji hukaa mbele, mvua na magari huja mgongoni. Ni ujanja mzuri, na Pitia alijivunia.

Kaltumu akaendelea na salamu zake mbele. Odile alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango wa jikoni.

"Fundi," akasema, "iko mwanamke mwingine huku."

Pitia akaenda, akainamisha sikio lake la kulia kwenye spika. Kaltumu hayupo. Kuna kuku. Kuna mtu anatwanga. Halafu Sitti, chini chini, kando, mahali ambapo sauti ya dada yake ilikuwa imemfunika miaka yote ile.

"Pitia. Mi nasikia baridi. Iko ndani ya mufupa. Kesho nipeleke kwa daktari. Unasikia?"

Na mwanamume akajibu, karibu kabisa, bila haraka:

"Nasikia."

"Fundi!" Théodore aliita kutoka mbele. "Huko nyuma inalia? Unasikia?"

Pitia akafungua kinywa kutoa neno lake, likakataa kutoka.

"Hapana," akasema. "Mi hapana sikia."

Théodore, mtu mwema mwenye haraka, akadhani waya umelegea. Akarudisha kaseti nyuma, akaongeza sauti. Kuku. Mchi. Nipeleke kwa daktari. Unasikia? Nasikia.

Pitia alikaa chini, juu ya saruji, mchana wa jua kali, na meno yake yakaanza kugongana. Baridi ilimwingia kutoka miguuni na haikusimama popote. Ndipo akalia, vibaya, kama mtu asiyejua namna ya kulia, na Odile akakimbia kuzima mashine.

"Baba, kuna nini?" alimuuliza.

Alishika sikio lake la kushoto, akalivuta mbele ili alione.

"Hii ilikufa sabini na tisa," akasema. "Yeye alikaa upande hii."