Shamba la Kando ya Mto Lililokosa Mwenyewe

Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama, na tunauita lukolo. Shamba linatoka kwa bibi, linakwenda kwa mama, linakwenda kwa binti. Mume huja na jembe lake, akalima, akala, akazaa, lakini shamba haliwi lake. Mwanaume akisema "shamba langu" ukweni, watu humgeukia kana kwamba mwizi kajitaja mwenyewe. Wenye kalamu wa miaka ile ya Ujamaa hawakuyajua haya, wala hawakujisumbua kuuliza.

Shamba letu lilikuwa bondeni, chini ya misheni, pale mto unapomaliza mawe ya mlimani na kuanza kwenda taratibu. Mama alilima kabichi, karoti na njegere, hata kiangazi, maana maji yalikuwa hapo hapo. Mimi ndiye binti yake wa pekee. Nikilalamika mgongo unauma, alikuwa akiniambia, "Palilia vizuri wewe, unajipalilia mwenyewe."

Siku moja ikaja Landrova. Akashuka bwana wa ofisi ya ardhi pamoja na mwenyekiti wetu wa kijiji. Kulikuwa na barabara ya kujengwa kuelekea kiwandani, ilihitaji changarawe, na changarawe nzuri ilikuwa imelala kando ya mto wetu. Kabla kibali hakijatoka, ilibidi waulize kama pale pana mwenyewe. Hilo siwanyimi, waliuliza. Ila walimuuliza nani? Mama alikuwa katikati ya kabichi, udongo umempanda hadi viwikoni. Bwana yule akampita kama kisiki, akamwendea baba aliyekuwa pembeni ananoa panga.

"Ndugu, shamba hili ni lako?"

Baba akasimama, akavua kofia. "Hapana, ndugu yangu. Si langu. Mimi hapa nimeoa tu."

Masikini baba! Alisema kweli tupu, tena kwa adabu, kama alivyofundishwa na wazee wake. Bwana akamgeukia mwenyekiti. "Basi halina mwenyewe."

"Lina mwenyewe!" mama akapaza sauti. "Msubirini kaka yangu arudi kutoka Dakawa, ndiye msemaji wa ukoo wetu."

"Kaka yako ndiye anayelima hapa?"

"Halimi."

Bwana akacheka. "Haya mama, endelea na kazi." Na mwenyekiti je? Mwenyekiti alikuwa Mluguru kama sisi, ameshibishwa na shamba la mama yake, anajua kila kitu. Akatazama viatu vyake. Aliogopa gari la serikali, mwoga yule. Mpaka leo nikimkumbuka nasonya.

Wiki hazikupita nyingi, matipa yakaja. Walikuwa wameambiwa wachimbe kwenye mchanga wa katikati ya mto, ukingo usiguswe. Lakini katikati kunataka kulowa, ukingo uko karibu, na nani awakataze? Wakaumega. Kila tipa likiondoka, limeondoka na kipande cha ukingo wetu. Maji yakawa tope, wanawake wa chini wakawa wanachota kitu kama uji wa ulezi.

Mjomba aliporudi akaenda na mama ofisini. Wakajibiwa kwamba mwenye shamba aliulizwa, akakana kwa mdomo wake mbele ya mwenyekiti. Mjomba akaeleza habari za lukolo, akaeleza tena. Bwana akasema ardhi ni ya umma, na mambo ya kikabila tuyaache nyumbani. Ajabu! Kumbe mali ya umma ni ile ya wanyonge tu, maana sikuona tipa likichimba uani kwa mkubwa yeyote.

Masika ikaingia. Mto ulipokosa ukingo, ukakata kona ukapita kwetu. Tulisimama juu tukitazama kabichi zinakwenda na maji, moja baada ya nyingine, na baada ya kabichi ukaanza kwenda udongo wenyewe. Mama akamgeukia baba akilia.

"Ungesema langu! Mara moja tu, ungedanganya!"

"Ningesemaje, mke wangu? Kaka yako angenifukuza."

Na kweli mjomba angemfukuza. Ndiyo maana nashindwa kumlaumu baba, na kushindwa huko kunanikera kuliko lawama. Watani walimwandama. Wakipita wanamuuliza, "Mzee, kofia hiyo ni yako?" Zamani angewarudishia. Sasa aliivua akapita, na mwishowe akaacha kuvaa kofia.

Maji yalipopungua yalibaki mawe matupu. Barabara ilikamilika ikapigiwa makofi, na haipiti kwetu hata leo. Mimi nilipoposwa, mume hakuja ukweni kama desturi. Angekuja kulima mawe? Nikamfuata kwao, watu wa mbali ambao shamba kwao ni la baba, nikalima lao. Nikazaa mabinti wawili, nao wameolewa, wanalima mashamba ya waume zao.

Juzi mkubwa kaja, jicho limevimba, mtoto mgongoni. Bibi yake angepigwa hivyo, mume ndiye angekusanya nguo zake akaondoka shambani mwa wenyewe. Binti yangu akaketi jikoni akasema, "Mama, nipe hata kipande kidogo cha kulima, sitaki kurudi kule." Nikampakulia ugali. Nikamwambia ale, apumzike, kesho arudi kwa mumewe.