Siku Nilipompika Bibi Harusi Njia ya Magongo

Wallahi hii naisimulia mwenyewe kwa sababu walioiona ni wengi, na mkiisikia kwao mtatiliwa chumvi. Mimi, Athumani wa Mtongwe, ndiye niliyempika bibi harusi akiwa hai, mchana kweupe, vugo la harusi likipigwa.

Ilikuwa miaka ya themanini, kuelekea mwisho wake. Binamu yangu Saida alikuwa apelekwa kwa mumewe Magongo, na ami yangu, babake Saida, akatoa gari lake jeupe limbebe. Akatafutwa dereva. Nikasema, "Mimi nayajua magari." (Leseni nilikuwa nayo, na kitabu kimoja cha mambo ya injini nilichokisoma hadi ukurasa wa hita, nikachoka.) Basi asubuhi nikaliosha, nikalipamba, nikaona ule wavu wa mbele, pale penye pua ya gari, umeshika kutu haupendezi, nikachukua mahameli nyekundu yenye nakshi za dhahabu nikauziba wote, nikakaza kwa kamba pande zote hata nzi asipite. Likapendeza! Kila mpita njia alisema mashallah.

Alasiri tukatoka. Kiti cha nyuma Saida, ndani ya buibui, asmini kichwani, na kando yake shangazi yetu Mwanajuma, aliyekataza vioo visishushwe bibi harusi asiingiwe na vumbi. Nyuma yetu lori la kina mama wakiimba. Kwenye foleni ya feri mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikautazama, nikajifanya sikuuona. Tukavuka, tukapita mjini mwendo wa kobe tusiliache lori, na tulipofika Makupa mshale umelala kwenye nyekundu, mvuke wachungulia ukingoni mwa boneti.

"Athumani mwanangu," shangazi akauliza, "huo ni udi?"

"Ni kawaida, shangazi. Gari lapumua."

Mwenye akili angesimama. Mimi nikakumbuka ule ukurasa wangu: ukifungua hita, joto la injini huondoka likaletwa ndani. Nikaifungua yote. Jamani, jua la Mombasa, buibui mbili, vioo juu, na upepo wa tanuri ukiwapiga miguuni! Saida hakusema kitu (bibi harusi hasemi), lakini kwenye kioo niliuona wanja ukimteremka mashavuni, kisha nikasikia sauti ndogo, "Shangazi, nafa."

Kwenye mzunguko wa Changamwe gari likazima lenyewe. Kina mama wakashuka kwenye lori, wakamwona Saida akitolewa amerowa chapachapa, shangazi ajipepea kwa kiatu, wakauliza kulikoni, shangazi akawaeleza yote, na papo hapo wimbo ukabadilika:

"Bibi harusi aiva, dereva ndiye mpishi!"

Watu wakajaa, kila mmoja daktari. Huyu asema pampu ya maji, yule asema gaskiti imeungua. Nikaona heshima yaniponyoka, nikasema kwa sauti ya juu, "Ni thamostati!" (ambayo sikuwahi kuiona kwa macho), nikafunua boneti, nikakishika kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, kwa leso, nikakizungusha. Nilisikia mtu akipiga kelele, "Usifungu—" na maji ya kutu yakapaa juu kuliko lori. Niliruka nyuma, Mungu mkubwa, sikuungua, ila yalipoteremka, yameshapoa hewani, yaliteremkia kwangu, kofia na kanzu vikawa rangi ya chai ya maziwa. Kina mama wakatunga ubeti wa pili. Huo siwaambii.

Hapo akaja fundi mmoja mfupi, mpole, wa gereji ya kando ya barabara. Hakugusa injini. Alisimama tu mbele ya gari.

"Hii umefunga wewe?"

"Ndiyo. Ni pambo."

"Ndugu yangu, rejeta hupozwa na upepo. Umeliziba pua gari la watu, halafu washangaa likitoka jasho?"

Akakata kamba. Tukangoja injini ipoe, akatia maji kidogo kidogo injini ikinguruma, akatafuta panapovuja, hapana. Gari ni zima. "Na hiyo hita," akasema, "ndiyo iliyoiokoa injini." Nikageuka niwaambie watu, mwasikia? Hakuna aliyesikia. Walikuwa wacheka.

Saida alikataa katakata kurudi garini. Akapandishwa lorini pamoja na shangazi, nami nikaambiwa nitangulie. Gari likaenda kama jipya, mshale katikati, na hilo ndilo lililonimaliza, maana nililiacha lori mbali, nikafika Magongo peke yangu. Kuliona gari tu, vigelegele! Marashi yakarushwa, mamake bwana harusi akaja na chetezo cha udi mkononi, akafungua mlango wa nyuma, akainama kumpokea mkwewe. Kiti kitupu, kimerowa.

"Bibi harusi yuko wapi?"

"Yuaja," nikasema. "Na lori."

Akanitazama toka kofia hadi viatu, akaufunga mlango taratibu, kama afungaye mlango wa mgonjwa.

Jioni shangazi aliniita kando. Nilidhani atanipiga. Alinishika bega tu, akasema, "Mwanangu, siku nikifa, nipelekeni makaburini kwa miguu."

Tangu hapo mshale ukipanda nasimama, nazima injini, nakaa kivulini. Na mtu akiniuliza gari lina nini, namjibu neno ambalo siku ile lingeninusuru: sijui.