Fahali wa Jepkorir

Jepkorir alirudi Saboti kutoka Bungoma, alikofundishwa kutafutia nyama ya wafugaji wenzake soko katika nchi nyingine za Afrika. Wanunuzi wa kwanza, kutoka Kongo, walikuwa wameshafika Kitale. Asubuhi hiyo wangekuja kuona ng'ombe wake na wa majirani.

Alipoingia zizini alimkuta fahali wake mkubwa akitokwa na udenda, mguu mmoja ameuinua. Akampanua mdomo. Ulimi ulikuwa umejaa malengelenge.

"Mfiche nyuma ya nyumba, Mama Kigen," mumewe, Kiptum, akanong'ona. "Si hao wageni watakaa kidogo tu, bana."

"Na ugonjwa nitauficha wapi, Baba Kigen?"

Akampigia simu daktari wa mifugo, kisha wale wageni. Hawakuja. Kufikia jioni Saboti nzima ilikuwa imewekwa karantini kwa ugonjwa wa miguu na midomo: ng'ombe hatoki, nyama haitoki. Majirani walipita langoni bila kumsalimu.

Jepkorir akabaki uani. Katika boma la jirani ng'ombe alianza kulia kwa maumivu. Kisha akamsikia mwingine, ng'ambo ya mto.