Nondo Watatu Kutoka Garbatulla

Kazi yangu hapa Isiolo ni kutambua wadudu, na ofisini wananiita daktari wa nondo. Nawaacha waniite, ingawa nina hasira za karibu. Nondo anayezaa viwavijeshi ni mdogo, wa kijivu, hana la kumvutia mtu. Mabawa yake ya mbele yana doa lenye umbo la figo. Ya nyuma ni meupe, yenye mishipa ya kahawia. Ukimkosea huyo umewakosea watu wengi, maana viwavi wake wanaweza kumaliza malisho mazima.

Abuya, ndugu wa mama yangu, alinijia mvua zilipoanza. Alitoka Garbatulla alfajiri, nyuma ya pikipiki, na nondo watatu ndani ya kiberiti. Tukapeana salaam, nikamuulizia ng'ombe kabla ya watoto, anavyopenda mwenyewe. Kisha akasema kilichomleta. Nondo hao walikuwa wamejaa malishoni kwake, na alitaka kujua kama ahamishe ng'ombe, au abaki kwenye nyasi changa aliyoisubiri kipindi chote cha ukame.

Nikafungua kiberiti. Barabara ilikuwa imewatikisa wale nondo hadi unga wa mabawa ukabaki wote ndani ya kisanduku. Mabawa yenyewe yalikuwa matupu kama ganda la kitunguu. Niliyageuza na kuyageuza chini ya lenzi. Sikuona figo wala mshipa wa kahawia. Wenzangu wawili walikuwa wanatazama, na Abuya alishawatangazia mlangoni kwamba mtoto wa dada yake anasoma mabawa kama watu wanavyosoma kitabu. Niliona aibu kukaa kimya.

"Si huyo, Abuya," nikasema. "Kaa tu."

Akaniombea dua, akarudi kwake.

Hazikupita wiki tatu, viwavi walitapakaa malishoni, weusi. Walikula majani yote wakaacha vishina, na ng'ombe kwa njaa wakala vishina hivyo. Nyasi iliyoshambuliwa namna ile inaweza kugeuka sumu. Nilifundishwa hilo darasani. Saba wakafa kwa siku mbili. Waliobaki, wanawe waliwaswaga upande wa Sericho.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Njia nzima nilitamani anitukane, hata anifukuze, kwa sababu nilijua sikukosea kwa bahati mbaya. Nilidanganya ili nisionekane mjinga mbele ya watu. Nilimkuta amekaa mkekani nje ya nyumba, amekonda. Akanipisha nikae karibu yake.

"Uliona kwa bawa kwamba si ile mdudu?" akauliza.

"Sikuona kitu, Abuya. Alama zilikuwa zimetoka zote."

Nilikuwa nimejitayarisha kujibu mambo mengi, ya lenzi, ya barabara, ya wadudu wanaofanana. Hakuuliza hata moja.

"Ungesema tu hujui," akasema taratibu. "Sisi tukikosa kujua, tunahama."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Hakunizuia. Baadaye akamwita mkewe aniletee maziwa, nikaletewa kikombe kimejaa. Yalikuwa ya ngamia, wameomba kwa jirani.