Mwanakondoo Mmoja, Masikio Mawili ya Ubishi

Saa mbili asubuhi. Salvör Brandsdóttir, miaka sitini na mmoja, amembana mwanakondoo kati ya magoti na kufumba macho, vidole vyake vikipapasa sikio. Zizi zima limenyamaza, jambo ambalo siku ya kugawana kondoo huku kaskazini mwa Iceland ni nadra kama jua la Desemba.

Kondoo elfu nne wameshuka jana kutoka nyanda za juu, walikojilisha wenyewe tangu Juni. Kila shamba lina alama yake, hukatwa masikioni, huandikwa kitabuni na kurithiwa kama jina. Ubishi ukizuka, huitwa Salvör. Ni mwaka wa thelathini na moja sasa, na ujira wake ni supu ya kondoo na kahawa isiyo na idadi.

"Macho hudanganywa na tope," anasema. "Vidole, labda viwe na baridi."

Leo ubishi ni wake mwenyewe.

Kwao husimuliwa kwamba alama yao ilikuja na merikebu ya kwanza kutoka Norwe. Ukweli wake hakuna aliyewahi kuuchokonoa. Ardhi ilipopasuka kwa volkano mwaka 1783 na moshi ukaangamiza kondoo, bibi mmoja wa ukoo huo alificha majike wawili jikoni, akatafuna ngozi za viatu asiwachinje.

Salvör alikuwa na kondoo 240. Goti lilipomshinda, miaka miwili iliyopita, aliwauza wote isipokuwa jike mmoja, Dimma, kwa kuwa alama isiyo na kondoo hufutwa kitabuni. Mpwa wake Eydís, muuguzi mjini Reykjavík, alipoombwa airithi, aliuliza: "Shangazi, nirithi sikio bila kondoo?" Salvör anakiri alicheka, kisha ikamuuma.

Dimma alipanda mlimani na mwanawe. Hajarudi. Aliyepatikana ni mwanakondoo huyu, sikio la kulia lina pengo nyuma, la kushoto limeraruliwa na waya. Jirani yake Hallmundur ana pengo hilohilo kulia. Kushoto, Salvör hukata ncha na Hallmundur huipasua. Ncha ndiyo haipo.

Hallmundur anavuta ugoro. "Mchukue tu, dada. Mimi nina mia tatu, huyu nitampeleka wapi?"

"Ungekuwa unabishana na mwingine, ungetaka nimpe kwa huruma?"

"Ningetaka supu kwanza."

Watu wanacheka, Salvör hacheki. Anaamuru mwanakondoo aachiwe amtafute mama yake. Mwanakondoo anazunguka, analia, anakataliwa na majike wawili. Kisha anapiga magoti chini ya jike mwenye pembe iliyovunjika na kunyonya, mkia ukitikisika. Salvör anachechemea kulipapasa sikio la jike yule. Ncha imepasuliwa.

"Wa Hallmundur," anatangaza. Kisha anajifuta machozi kwa mkono wa koti. Miaka yote ambayo mimi mwandishi wa habari hii nimemtazama kazini, sijapata kumwona akilia. Nilimwonea huruma, na nikaona fahari pia.

Hallmundur anajaribu tena, eti Salvör amchukue tu mwanakondoo na kumkata sikio upya.

"Sikio la mwenzio halikatwi mara ya pili," Salvör anamwambia. "Huo ni wizi, hata mwenyewe akikushikia kisu."

Msako wa pili wa mlimani, wa kondoo waliobaki, utafanyika baada ya wiki mbili, kabla theluji haijafunga njia. Kwenye orodha iliyobandikwa langoni jina la Salvör ni la kwanza, ingawa goti lake ni lilelile. Hallmundur atamwazima farasi mzee asiye na haraka.

Dimma asipoonekana, wamekubaliana jambo jingine. Mwezi Mei, mwanakondoo jike wa kwanza kuzaliwa kwa Hallmundur atakuwa wa Salvör, kabla kisu chochote hakijamgusa. Eydís ameshapigiwa simu. Hakusema ndiyo wala hapana, aliuliza tu kama mwanakondoo huumia anapokatwa.

"Huumia kidogo," shangazi yake alimjibu. "Wewe si muuguzi? Njoo na mkono usiotetemeka."