Dirisha Lililozuia Daraja la Pili

Mandakini Wagholikar alianza na darasa la kufundisha wasichana kupiga taipu, ghorofani juu ya duka la vitafunio hapa Sadashiv Peth, mtaa wa mji wa Pune. Wanafunzi walipoanza kupungua aliziuza taipu kabla wenzake hawajashtuka, akanunua kompyuta, akamwajiri Shripad awe anaandika programu. Yeye mwenyewe hakujua kuandika hata mstari mmoja. Alijua kuuza, na alijua kutambua hapana ya kweli na hapana ya kupandisha bei.

Mwaka ule tegemeo lake lilikuwa programu ya kupokelea maziwa. Ushirika wa wafugaji uliitaka, ila kwa sharti: ipimwe na ipate daraja la pili la mwongozo wa sura za programu. Daraja la kwanza lilidai kila dirisha kwenye skrini liwe na njia ya kulifunga. La pili lilidai kila dirisha liendeshwe kwa kibodi peke yake, maana vituo vya vijijini havikuwa na vipanya. La tatu lilikuwa la urembo. Bila la pili, ushirika ungenunua kwingine, ofisi ingefungwa, na Shripad angerudi kwao Satara.

Mkaguzi, Ketkar-saheb, yaani Bwana Ketkar, alifika asubuhi. Alikula pohe, mchele bapa uliokaangwa kwa viungo, akasogeza kipanya pembeni, akaanza kubonyeza. Madirisha yakafunguka na kufungika bila tatizo mpaka akafika kwenye lile la michoro: nguzo za rangi zikionyesha maziwa ya kila kijiji, zenye vivuli laini kama zimechongwa.

"Hapa natokaje?"

"Unabofya pale kwenye kona, saheb."

"Kwa kidole?"

Shripad akajaribu vitufe viwili vitatu; dirisha halikufungika. Miezi mizima alikuwa akilipamba dirisha lile kwa urembo wa daraja la tatu, na la pili akaliruka juu kwa juu.

"Kulirekebisha kutachukua muda gani?" Mandakini akauliza.

"Wiki mbili, tai," Shripad akajibu, akimwita dada kwa Kimarathi. "Nililijenga lote juu ya kipanya."

Ushirika ulikuwa unafunga maombi kesho yake.

"Saheb, si utupe la pili, hili tulimalizie baadaye? Dirisha moja tu."

"Tai, daraja halikatwi bei kama nyanya. Dirisha moja likianguka, programu nzima imeanguka."

Hiyo ilikuwa hapana ya kweli. Mandakini akaizunguka kwa upande mwingine.

"Na dirisha likiwa halipo kabisa?"

Ketkar akamtazama. "Nisichokiona nitakipimaje? Ushirika waliomba michoro?"

"Waliomba hesabu ya maziwa."

"Basi mimi sina neno." Akaangalia saa. Ilikaribia saa saba mchana, na chini wenye maduka walishaanza kushusha mapazia ya chuma wakalale usingizi wa mchana, kama ilivyo desturi ya Pune. "Naenda kula na kulala. Saa kumi nipo hapa."

Mlango ulipofungwa, Shripad alisema polepole, "Tai, hilo ndilo zuri kuliko yote."

"Naliona. Ndiyo maana linaniuma."

"Halikuumi sana, naona."

"Unataka nilie, au unataka kazi? Litoe."

Akalitoa. Pune nzima ilikuwa imelala, naye alikuwa anang'oa kazi yake kipande kwa kipande, akijaribu baada ya kila kipande kama kilichobaki bado kinasimama. Mandakini hakulala. Alikaa kwenye kiti cha pili akabonyeza kila alipoambiwa bonyeza, na chai akaipika mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Saa kumi Ketkar alirudi, uso bado una alama za mto. Alipitia upya yote, bila haraka, kisha akaandika daraja la pili.

Alipoondoka, Shripad aliuliza, "Nifute na nakala yake?"

"Ukiigusa nakukata mkono. Ushirika wakishazoea hesabu tupu watataka michoro. Wakiitaka, ni kazi mpya na bei yake. Una miezi kadhaa, lifundishe dirisha hilo kibodi."

Shripad akavuta kibodi karibu. Kipanya akakichomoa mwenyewe, akampa Mandakini akiweke mbali.